Usipulize laka Jumamosi: kila kipande kije na kijiko chake

Mkuu, weka chini hiyo brashi ya hewa, ile ya kupulizia rangi kwa kompresa. Jumamosi usipulize kitu.

Nimesoma maelezo yako mara mbili. Mko watano kwenye klabu na mmegawana modeli ya plastiki ya Titanic, skeli ya 1/350. Mmoja kachukua ganda, wa pili sitaha na maboti, wa tatu mabomba manne ya moshi, wa nne reli za shaba, na wewe mwenye kompresa umeachiwa kuunganisha na kumalizia. Vipande vimerudi, kila kimoja na mng'ao wake: ganda linameta, sitaha imefubaa, mabomba yako katikati. Unauliza ufanyeje ili meli ionekane imetoka mkono mmoja, reli zishikwe kwa gundi gani, nyuzi za milingoti zivutwe na nini, na bahari ya kuiweka juu yake muitengeneze vipi. Halafu katikati ya maelezo, kama jambo dogo, unasema ganda limepakwa rangi ya mafuta wiki iliyopita, na mkongwe mmoja kakushauri Jumamosi upige laka ya kung'aa, ile inayochanganywa na thina kali, juu ya kila kitu "ili kusawazisha".

Hapo moyo ulinipiga paa. Ushauri huo huo, karibu kwa maneno hayo hayo, ndio nilioufuata mimi, na uliharibu kazi ya miezi ambayo hata haikuwa yangu peke yangu.

Sisi tulikuwa wanne na mradi wetu ulikuwa Lancaster ya 1/48. Kwa asiyeijua, ni ndege ya Waingereza ya kudondosha mabomu usiku katika Vita vya Pili, injini nne za Merlin, watu saba ndani. Ile halisi ina mita 31 kutoka ncha ya bawa hadi ncha ya bawa, kwa hiyo ya 1/48 inakuja na kama sentimita 65. Juu ni kahawia na kijani, chini ni nyeusi tupu. Hiyo nyeusi ya chini ni uwanja mpana usio na pa kuficha kosa, na ndiko kosa lilikotokea.

Bodi na vyumba vya ndani alichukua mmoja, injini na magurudumu na vioo mwingine, mabawa yakaenda kwa mwenzetu ambaye hana kompresa ila ana mkono mwepesi ajabu. Alipaka mabawa yote mawili kwa brashi ya kawaida, rangi ya mafuta, matabaka matatu membamba kwa muda wa wiki tatu. Ungeyainamisha chini ya taa usingeona mchirizi hata mmoja wa brashi. Tabaka la mwisho alilipaka siku tano kabla ya kuniletea. Sisi wengine tulikuwa tumetumia rangi ya akriliki ya maji. Hakuna aliyemwuliza mwenzake ametumia nini. Kila mtu alileta kipande kizuri, tukashangilia, basi.

Shida ilikuwa hiyo hiyo yako: mabawa yalimeta, bodi ilikuwa imefubaa. Na stika za maji, zile alama za ndege unazolowesha ndipo uzibandike, zinataka uso unaong'aa, maana kwenye uso wa mparuzo hewa hubaki chini ya stika na inaonekana kama ukungu wa fedha. Kwa hiyo tabaka la kung'aa lilihitajika kweli. Nikamwuliza mtu wa klabu ambaye sote tulimheshimu, mwenye kabati limejaa modeli. Hakuuliza rangi gani. Hakuuliza siku ngapi. Alisema: "Ikishakauka kwenye kidole imekauka. Piga laka, tena ipige ya kulowesha."

Nikaligusa bawa kwa kidole. Kavu. Nikapulizia bawa la kushoto upande wa chini, likalowa vizuri.

Kwa kama dakika moja sijawahi kuona kitu kizuri kama kile. Taa ya mezani ilionekana ndani ya bawa kama kwenye kioo. Kisha karibu na ukingo wa nyuma nikaona mstari mwembamba, nikadhani ni unywele umedondokea rangi. Nikachukua kibano ili niutoe. Nilipouinamia ikawa miwili. Kisha ikawa mingi, ikapandana, na rangi yote kuanzia pale hadi kwenye mashimo ya injini ikajikunja taratibu mbele ya macho yangu, kama utando wa maziwa yaliyochemka unapousukuma na kijiko. Hakuna unachoweza kufanya wakati huo. Unashika kibano na kutazama.

Sasa sikiliza kwa nini, kwa sababu hili ndilo ambalo yule mkubwa alipaswa kuniambia. Laka hukauka kwa thina yake kuruka hewani, na basi. Akriliki ya maji hukauka maji yakiondoka na chembe zake zikashikana. Rangi ya mafuta ina hatua mbili. Kwanza tapentaini inaruka na ndani ya saa chache uso unakuwa mgumu, kidole hakiachi alama. Kisha mafuta yenyewe huanza kuvuta oksijeni ya hewani na kufungamana, na hatua hiyo huchukua siku nyingi, mara nyingine wiki kadhaa. Tena huanzia juu kwenda chini. Kwa hiyo siku ya tano una ngozi ngumu juu na rangi laini chini yake. Thina ya laka ni kali. Inapenya ile ngozi, ngozi inavimba, na kwa kuwa imeshikwa pande zote haina pa kutanukia, inainuka na kujikunja. Kukauka kwenye kidole hakumaanishi kitu. Rangi ya mafuta ukitaka kuijua inuse: weka pua karibu kabisa, na kama bado inanukia rangi, bado inafanya kazi.

Nina hasira na lile jibu mpaka leo, na sitaificha. Si kwamba alikosea, kila mtu hukosea. Ni kwamba alijibu kwa uhakika wa mtu aliyejaribu, kumbe yeye miaka yote hutumia laka kuanzia praima, yaani rangi ya msingi, hadi mwisho, laka juu ya laka, na huko ushauri wake ni sahihi kabisa. Hakuwahi kukutanisha rangi za watu wanne kwenye modeli moja. Nilipompelekea lile bawa aliliangalia, akasema nilipuliza nzito mno. Mwezi mmoja mbele nikamsikia akimwambia kijana mgeni maneno yale yale ya kidole. Mkuu, mtu akikushauri rangi bila kukuuliza chupa ipi na siku ngapi, hajakushauri chochote, hata awe na makabati kumi.

Nikaongeza kosa la pili juu ya la kwanza, na hili ndilo lililogharimu zaidi. Kwa haraka ya kuficha aibu kabla mwenye mabawa hajaja, nikachovya kitambaa kwenye thina ya laka nikaanza kufuta. Plastiki ya modeli hizi ni polistairini, na thina ya laka inaila. Gundi ya plastiki yenyewe hushika kwa njia hiyo, kwa kuyeyusha plastiki pande mbili zikachanganyika. Nilikuwa nasugua bawa kwa kitu kinachoyeyusha bawa. Rangi ilitoka, na chini yake plastiki ikawa laini, ikashika nyuzi za kitambaa. Mistari ya mabati, ile mifereji myembamba kama ncha ya sindano, ikajaa tope jeusi. Karibu na ncha ya bawa kuna alama ya kidole changu gumba mpaka leo, imekaa ndani ya plastiki.

Mwenye bawa alikuja kesho yake. Aliligeuza, akapitisha kidole pale palipokuwa na ribiti, akauliza tu kama la kulia nalo nimelipuliza. Nikasema hapana. Akaliomba la kulia, akalifunga kwenye karatasi laini, akaondoka nalo. Sikumlaumu.

Tuliliokoa la kushoto kiasi. Tuliliacha wiki tatu bila kuligusa mpaka plastiki ikawa ngumu tena, tukalisugua kwa msasa laini wa kuchovya majini, puti ikajaza palipoliwa, na mistari tukaichora upya kwa sindano tukifuatisha ukingo wa utepe mgumu. Kazi ya jioni nyingi mno. Ukiliweka jirani na la kulia unaona mara moja lipi liliteswa. Ndege ilikamilika mwishowe, lakini mwenye injini alikuwa ameshajitoa, na aliyetengeneza mabawa hajawahi tena kuacha kipande chake mikononi mwa mtu mwingine.

Ndiyo maana tangu hapo nina sharti moja kwenye mradi wowote wa pamoja, na bila sharti hilo siingii: kila kipande kije na kijiko chake.

Kijiko cha plastiki, vile vya kutumia na kutupa. Siku unayopaka kipande chako, unapaka na mgongo wa kijiko: praima ile ile, chupa ile ile, thina ile ile, brashi ile ile, idadi ile ile ya matabaka, siku zile zile. Si wiki baadaye kwa rangi iliyobaki. Mpini unabaki bila rangi, na juu yake unaandika kwa kalamu isiyofutika aina ya rangi, umeichanganya na nini, tarehe ya kila tabaka. Mgongo wa kijiko umepinda, kwa hiyo unaonyesha mng'ao jinsi ganda la meli au bodi ya ndege litakavyouonyesha. Na paka viwili: kimoja cha kutesa, kimoja cha kutunza.

Siku ya kumalizia, anayemalizia anavipanga vijiko vya watu wote mstari mmoja na kuvipulizia kile anachotaka kupulizia modeli. Anaviacha siku mbili. Kisha anakwaruza kwa ukucha, anabandika utepe na kuubandua kwa nguvu, anavigeuza chini ya taa. Kijiko kimoja kikikunjamana, kikipasuka au kikitoka na utepe, modeli haiguswi. Vikipita vyote, anaendelea bila kushikilia pumzi, na papo hapo ameshaona kama mng'ao umelingana.

Nimeambiwa mara nyingi kwamba huku ni kupoteza muda. Kijiko kinakula dakika kumi. Lile bawa lilikula miezi minne na rafiki mmoja.

Nilivyoanza hivi watu walinuna, kwa sababu kijiko kinaonekana kama kutowaamini. Sivyo. Nikiwa nimeshika ganda la mwenzangu nataka kujua alichofanya kuliko ninavyotaka kujionyesha ninavyojua kupuliza, na kijiko chake kinaniambia bila yeye kuwapo. Hata rangi zinazoitwa jina moja hubainika hapo: weka vijiko viwili "vyeusi" vya watu wawili pamoja, kimoja utakiona kina bluu ndani yake.

Sasa Titanic yenu. Kwa 1/350 hilo ganda lina kama sentimita 77, lote jeusi juu na jekundu chini, na jeusi ndilo litakalokuonyesha kila kunjo. Laka iache kabisa. Kinachofaa kusawazisha ni vanishi ya akriliki ya maji, iliyofubaa nusu, kwa matabaka mepesi ya vumbivumbi, ukiacha kila moja likauke, mgandamizo wa kompresa kama pauni 15 hadi 20 kwa inchi ya mraba. Usiloweshe. Hata hiyo si salama juu ya rangi ya mafuta ambayo bado inafungamana, kwa sababu ile ya chini ikiendelea kujivuta, ya juu inaweza kupasuka. Kwa hiyo ganda lisubiri. Kwa kuwa hamkuwa na vijiko, mwambie aliyelipaka apake viwili leo kwa chupa ile ile, na hesabu ianze upya kutoka leo, si kutoka wiki iliyopita. Sitaha na mabomba nayo yatengenezewe vyake. Na siku ya kupulizia vaa barakoa ya kuzuia mvuke, dirisha wazi, hata kama chupa imeandikwa ni ya maji.

Reli za shaba: supagluu, nukta ndogo kwa ncha ya sindano, kamwe usiminye chupa moja kwa moja. Zibandike baada ya vanishi ya kwanza, na mbali na chochote cha plastiki angavu, maana mvuke wa supagluu huacha utando mweupe juu yake. Shaba isipakwe bila praima ya chuma, la sivyo rangi itabanduka ukiigusa kwa kidole. Na reli nayo ina kijiko chake, ila hapo tumia kipande cha fremu ya shaba kinachobaki baada ya kukata, maana plastiki haitakuambia ukweli wa shaba.

Mpigie aliyepaka ganda leo hii. Mwulize mambo matatu: chupa gani, tabaka la mwisho tarehe ngapi, na akilinusa sasa hivi linanukia au halinukii. Akikujibu niandikie hapa kabla hujafungua kompresa.