Anajiamini au anajikweza?

Dada, umeuliza kama mchumba wako anajiamini tu au anajiona yeye ndiye yeye, kwa kuwa kila mazungumzo lazima yaishie kwake. Majigambo peke yake hayatoshi kumhukumu. Mtazame anapokosolewa. Mwambie kwa upole, "Jana ulinikatiza mbele ya wenzangu, niliumia." Anayejiamini atakereka kidogo, kisha atakuuliza ilikuwaje. Anayejikweza atakuja juu, atakununia siku nzima, au atageuza kibao hadi ujikute wewe ndiye unayeomba radhi. Hapo ndipo pa kuangalia, tena zaidi ya mara moja, maana kila mtu ana siku yake mbaya.

Mtazame pia ukipata la heri. Ukipandishwa cheo, anafurahi nawe au anaanza kusimulia ya kwake? Na wale wasio na cha kumpa, kama mhudumu au mlinzi, anawasemeshaje?

Jina la ugonjwa wa kujikweza kupita kiasi, ambao Kiingereza huuita "narcissistic personality disorder", usimpachike. Mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani, ulioanza kuutambua ugonjwa huu mwaka 1980, sasa unataja dalili 9, na zinatakiwa angalau 5, za kudumu, zinazovuruga maisha. Hiyo ni kazi ya mtaalamu. Lakini huhitaji cheti cha daktari ili useme unaumizwa. Kama umeanza kupima kila neno kabla ya kulitamka, na umeacha kuwaeleza ndugu zako yanayokusibu, ndoa isiharakishwe. Zungumza na mtu unayemwamini wiki hii, mchumba wako asiwepo.