Lacrimosa ya Mozart inaishia vipimo 8

Ndugu, unadhani Mozart aliandika yote ya Lacrimosa, ile sehemu ya Requiem yake (misa ya wafu). Hapana, si yake yote. Mwandiko wake unaishia kwenye kipimo (kigawanyo cha muziki kati ya mistari miwili ya wima) cha 8, kwenye maneno «homo reus». Kuanzia «Huic ergo» ni kazi ya Süssmayr, mtunzi aliyeikamilisha Requiem.

Hata hizo 8 hazikukamilika. Kwenye karatasi zake, zilizo Vienna, vipimo 2 vya kwanza vina violoni na viola. Halafu sauti nne zinaingia na mstari wa besi chini yake, mistari mingine ya vyombo ikabaki mitupu. Mozart alikufa tarehe 5 Desemba 1791. Eybler, mtunzi mwingine, alijaribu kwanza kuikamilisha, akaongeza vipimo 2 vya soprano peke yake, akaacha. Ndipo kazi ikaenda kwa Süssmayr.

Sasa, kwa kwaya yenu hapo Bukavu, kabla ya kutoa fotokopi tazama jina la mkamilishaji kwenye ukurasa wa kwanza wa partisyo (karatasi za noti). Süssmayr anafunga «Amen» kwa akodi mbili tu. Levin, mkamilishaji wa baadaye, anaweka fuga nzima (sauti zinaingia moja baada ya nyingine na wimbo uleule), iliyojengwa juu ya rasimu fupi ya Mozart iliyopatikana miaka ya 1960. Mkichanganya matoleo, nusu ya kwaya itanyamaza na nusu itaanza fuga, na tenore ndio wa kwanza kupotea (kama kawaida yao). Kwa waimbaji wasio na mazoezi mengi, chukueni Süssmayr.