Mwanangu, joto la kiganja lisikugharimu laki tatu na nusu

Mwanangu Tusajigwe,

Ujumbe wako mrefu wa Jumapili usiku nimeusoma wote. Unasema mwenzako wa pale Mwanjelwa anakuvuta kwenye mafunzo ya siku mbili ya Reiki, ile tiba ya kuwekeana mikono inayodaiwa kupitisha nishati, shilingi laki tatu na nusu, na kwamba alipokuwekea mikono ulisikia joto mabegani na vidole vikisisimka. Unauliza kama hiyo nishati ipo kweli, kama msharika wa Moravian akiifuata anakosea, na mtu anayefungua duka la pembejeo saa moja asubuhi na kulifunga saa mbili usiku atapata wapi muda wa kutulia na kusali.

Nianze na joto, maana ndilo linalouza mafunzo.

Joto ulilisikia kweli, hapo hukudanganywa. Mtu akinyamaza na kupumua polepole, mishipa midogo ya damu kwenye viganja hulegea ikapanuka, damu nyingi zaidi ikafika kwenye ngozi. Kiganja cha namna hiyo kikikaa dakika 5 juu ya bega lililopoa, tena mwezi huu wa Juni ambapo Mbeya watu wanashinda na masweta, usipolisikia ndiyo tushangae. Kusisimka kwa vidole ni jambo jingine. Umesema alikuanzisha kwa pumzi nzito za haraka haraka. Ukihema kuliko mwili unavyohitaji, unatoa kabonidioksidi nyingi mno, damu inabadilika, mishipa inayokwenda kwenye ubongo inasinyaa. Unapata kizunguzungu, midomo na ncha za vidole zinakufa ganzi, na wengine vidole vinakakamaa kabisa. Wanaofundisha husema nishati imefunguka. Ni kuhema kupita kiasi tu. Funga mdomo, pumua kwa pua taratibu, na baada ya dakika chache hali inarudi.

Lililonishtua zaidi ulilitaja kama la kupita tu: mlijifungia chumbani kwa sababu ya baridi, madirisha yote yamefungwa, jiko la mkaa pembeni na ubani juu yake, ukatoka kichwa kinagonga na kichefuchefu, naye akakuambia huo ni uchafu unaotoka mwilini. Hapana, mama. Hiyo ni hewa ya monoksidi ya kaboni. Haina harufu wala rangi, na inang'ang'ania chembe nyekundu za damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, kwa hiyo unapumua vizuri tu huku mwili unakosa hewa. Mkaa ulioiva, mwekundu, usiotoa moshi hata kidogo, ndio watu wanaoudhani salama, na ndio huo huo unaoua familia nzima usiku. Ubani unazidisha shida, maana harufu yake nzuri inakufanya usahau kuwa chumba hakina hewa. Jiko likae nje. Baridi ikizidi jifunike blanketi, vaa soksi mbili. Kichwa kikianza kuuma mahali penye jiko, toka nje kwanza, maswali baadaye.

Sasa hiyo nishati. Reiki ilianzishwa Japani na Mikao Usui mwaka 1922, baada ya kufunga na kutafakari katika Mlima Kurama karibu na Kyoto. Aliyeipeleka nje ni Hawayo Takata, mwanamke wa Hawaii mwenye asili ya Kijapani, na yeye ndiye aliyeweka bei ya dola 10,000 kwa anayetaka kuwa mwalimu. Kwa hiyo usidhani bei kubwa ni ujanja wa watu wa Mbeya. Biashara ilikuwemo tangu ilipovuka bahari.

Kama mikono inaweza kusikia nishati ya mtu mwingine, liko jaribio moja rahisi ambalo hata wewe unaweza kulirudia mezani. Lilifanywa na Emily Rosa, mtoto wa Marekani wa miaka 9, likachapishwa mwaka 1998 katika jarida la chama cha madaktari wa nchi hiyo. Aliwaita watu 21 wa tiba inayofanana sana na Reiki, ambao hupitisha mikono juu ya mwili bila kugusa na kusema wanasikia nishati inayouzunguka. Kila mmoja alipitisha mikono yote miwili chini ya kizuizi asione upande wa pili. Mtoto akarusha sarafu kuamua, kisha akaweka kiganja chake juu ya mkono wa kulia au wa kushoto bila kuugusa, naye mtu aseme ni upi. Majaribio 280, majibu sahihi 123, yaani asilimia 44. Ukibahatisha tu unapata karibu 50.

Je, basi ni upuuzi mtupu? La. Kulala saa nzima mahali patulivu, ukiguswa kwa upole na mtu asiyekudai kitu, kunashusha mapigo ya moyo, kunalegeza mabega, na usiku unalala. Mwili wa mtu anayesimama dukani saa 13 unalililia hilo. Ila hakuna anayelimiliki, wala huhitaji cheti ili kumpa mwenzako.

Kuhusu kanisa, tenganisha mambo mawili. Kuwekeana mikono na kunyamaza hakuna mchungaji atakayekukemea kwa hayo. Kanisani kwetu wagonjwa wanawekewa mikono. Penye swali ni kwenye sherehe ya kufunguliwa ya daraja la kwanza la Reiki, na zile alama za siri zinazotolewa daraja la pili, ambazo mwanafunzi anaambiwa zinaita nguvu fulani. Maaskofu Wakatoliki wa Marekani waliandika mwongozo mwaka 2009 kwamba Reiki haifai kutolewa kwenye taasisi zao, kwa sababu sayansi haiungi mkono na imani haiungi mkono. Mimi naona walisema sawa. Wewe ni mtu mzima, kaongee na mchungaji wako, lakini umuulize kabla ya kulipa, maana baada ya kulipa utakuwa unatafuta ruhusa na siyo ushauri.

Sasa hili la muda, ambalo umeliandika kama lalamiko wakati ndilo swali zuri kuliko yote.

Huhitaji saa nzima. Dakika 5 zinatosha, ila ziwe kila siku na mahali pale pale. Saa kumi na moja na nusu, kabla hujagusa simu, kaa kwenye kigoda au ndoo iliyopinduliwa, juu yake kanga iliyokunjwa mara nne. Nyonga ziwe juu ya magoti kidogo, nyayo zikanyage chini. Achana na kukunja miguu kama kwenye picha za yoga. Asiyezoea anabana neva, mguu unakufa ganzi, akisimama anaanguka. Weka kiganja kwenye kitovu. Vuta pumzi kwa pua ukihesabu hadi nne na tumbo lisukume mkono, kisha toa ukihesabu hadi sita. Kama hesabu yako inaenda na sekunde, hiyo ni sekunde 10, yaani pumzi 6 kwa dakika, wakati mtu mzima aliyetulia tu hupumua mara 12 hadi 20.

Usipime muda kwa simu. Ukiifungua kutazama dakika utakuta mteja anauliza bei ya UREA, na asubuhi imeishia hapo. Chukua maharage ya njano 30, uyaweke kwenye bakuli magotini. Kila unapomaliza kutoa pumzi, hamisha harage moja kwenda bakuli la pili. Lishike kwa ncha za vidole, usikie lilivyo laini na lilivyo baridi, ndipo uliachie. Bakuli la kwanza likibaki tupu, dakika 5 zimetimia. Likidondoka sakafuni liache, utaliokota mwishoni. Bakuli ziwe za plastiki, maana za bati zinalia na jirani wa chumba cha pili naye ana haki ya kulala.

Wengi wanaharibu kwa kujaza hewa mpaka juu. Mabega yakipanda masikioni ujue unatumia kifua. Vuta kidogo kuliko unavyotaka. Kama kutoa kwa sita kunakufanya utamani hewa, shuka mpaka tatu na nne, kaa hapo wiki mbili, kisha panda. Ukiwa na mafua, na kwetu huku Juni na Julai mafua hayakosi, usilazimishe pua. Toa kwa mdomo umeubana kama anayepoza uji. Hesabu ikipotea rudi moja, usijigombeze. Usingizi ukija fungua macho utazame sakafu hatua mbili mbele yako. Na siku ambayo una msiba au hofu, kimya kinaweza kuleta moyo kwenda mbio badala ya utulivu. Siku hiyo acha pumzi, simama, taja kwa sauti vitu vitano unavyoviona chumbani, nenda kafagie.

Sala usiitenge na pumzi. Mwaka 2001 watafiti wa Pavia, Italia, walipima watu 23 wakisali rozari kwa Kilatini, na tena wakirudia mantra ya yoga. Njia zote mbili zilishusha pumzi mpaka karibu 6 kwa dakika, na mapigo ya moyo na presha ya damu yakaanza kupanda na kushuka kwa mpangilio mmoja. Maana yake bibi zetu walikuwa nalo jambo hili ndani ya liturujia bila kulilipia ada. Wewe chukua "Bwana" ukivuta, "uturehemu" ukitoa. Siku mbili za kwanza utaona kama unamsemea Mungu kwa mashine. Endelea tu.

Mchana usitafute muda mpya, tumia uliopo. Pumzi tatu ukiwa umeshika kufuli kabla ya kufungua duka. Pumzi moja ndefu kabla ya kumjibu mteja anayerudisha mbegu ambazo ameshazifungua. Jioni ukitembea kurudi Soweto, tambarare hatua tatu kuvuta na nne kutoa; penye mlima sahau hesabu, Mbeya iko mita 1,700 hivi juu ya bahari na mapafu yanajua yanachohitaji. Usiku lala. Mtu anayelala saa tano halafu anaamka saa tisa kwenda kutafakari anajichosha tu, hata akikuambia ni bidii ya kiroho.

Kuhusu goti la bibi yako, ambalo umesema ungependa kuliwekea mikono: wekea. Muulize kwanza, nawa mikono kwa maji ya moto, mkalishe mguu ukiwa juu ya mto. Kiganja kimoja juu ya goti na kingine chini yake, bila kukandamiza, dakika 5, kisha pande mbili, dakika 5. Usisugue, usiongee sana, yeye ataongea. Lakini ukikuta shavu la mguu mmoja limevimba kuliko mwenzake, lina joto na linauma, usiliguse wala usilichue, inaweza kuwa damu iliyoganda kwenye mshipa. Hiyo ni ya hospitali siku hiyo hiyo.

Na dawa zake za presha zisiguswe na mtu. Unakumbuka Loliondo mwaka 2011, foleni za magari kwa ajili ya kikombe cha dawa cha shilingi 500. Kikombe chenyewe kilikuwa bei rahisi. Ghali ilikuwa kwa wale walioacha dawa zao baada ya kunywa. Mwenzako akianza kutibu watu kwa malipo, mwambie kwa upole kwamba ipo Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, na inamtaka asajiliwe na Baraza. Muombe akuonyeshe usajili. Akikasirika, umepata jibu lako. Akicheka na kusema hana, bado anaweza kuwa rafiki mzuri wa kunywa naye chai.

Ile laki tatu na nusu usimpe, hata kwa awamu. Mwambie mama amekataa, nitabeba lawama.

Bibi yako ana kliniki Alhamisi. Mpigie jioni, maana asubuhi akiwa kwenye foleni simu anaizima ili kutunza chaji. Ndizi nimezifunga kwenye kiroba, zitapanda Kosta ya saa nne kutoka Tukuyu, kazipokee Kabwe, na umlipe kondakta elfu mbili, asikuambie tatu.

Mama yako