Mwanangu, ufa uandike

Longton, Uingereza, Jumatatu usiku

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Jana kwenye simu uliniuliza: "Mama, lile buli la mawaridi lina ufa mwembamba chini ya mkono, na kwenye picha hauonekani kabisa. Nikiuandika kwenye tangazo bei itaanguka. Lazima niuandike?" Nikakujibu, "Ndiyo, uandike." Ukanyamaza kidogo, kisha ukaanza habari za watoto. Ule ukimya naujua, nimekuzaa mimi. Kwa hiyo baada ya sala ya isha nimekaa mezani nikujibu sawasawa, maana "ndiyo" peke yake haimtoshi mtu anayetaka kuishika kazi hii ya kuuza vyombo vya zamani baada yangu.

Kwanza hilo buli lenyewe. Umeniambia ni la mwaka 1962 kwa sababu mwaka huo umeandikwa kwenye chapa ya chini. Siyo. Mchoro huo unaitwa Old Country Roses, aliuchora Harold Holdcroft wa kiwanda cha Royal Albert, na 1962 ni mwaka mchoro ulipotoka. Kiwanda kiliendelea kuupiga mwaka huo chini ya vyombo kwa miongo mingi baadaye. Ni kama wale wanaoona 1759 chini ya sahani ya Wedgwood wakadhani wameokota kitu cha karne ya 18, kumbe huo ni mwaka Josiah Wedgwood alipoanza kazi yake ya ufinyanzi pale Burslem, na chapa yenye mwaka huo ni ya juzijuzi. Ukitaka kukisia umri, tazama dalili nyingine. Neno "England" peke yake kwa kawaida lina maana chombo kilitoka mwaka 1891 au baadaye, pale sheria ya ushuru ya Marekani ilipotaka bidhaa ziandikwe nchi zilikotoka. "Made in England" mara nyingi ni karne ya 20. Ukiona alama yenye umbo la uru, kama ile ya karata, huo ni usajili wa michoro wa kati ya 1842 na 1883. Kuanzia 1884 ilikuja "Rd No", kifupi cha namba ya usajili, na namba yenyewe. Mengine utayajua kidogo kidogo.

Mawaridi hayo yametengenezwa kwa mamilioni. Karibu kila nyumba ya wazee wa hapa ilikuwa na seti yake, na wakifariki watoto wao hawana pa kuziweka. Nyumba za siku hizi hazina kabati la vyombo, na mashine ya kuoshea inakula dhahabu ya ukingoni. Kwa hiyo hata lingekuwa zima, buli lako lisingekutajirisha. Unachokilinda kwa kunyamazia ufa ni paundi chache.

Sasa nikurudishe kiwandani. Wewe ulikuwa mdogo, ulichokuwa ukikijua ni kwamba mama anarudi jioni mikono imekauka kwa vumbi. Kazi yangu ilikuwa kuchagua. Vikombe vikitoka tanurini vinakuja mezani kwetu, sisi wanawake sita, na kila kikombe kinapita mikononi. Unakiweka juu ya ncha za vidole vya mkono wa kushoto, unakigonga kwa ukucha. Kikombe kizima kinalia kama kengele ndogo, na sauti inakaa hewani. Chenye ufa kinasema "tak", basi. Kauri ya mifupa karibu nusu yake ni majivu ya mifupa ya ng'ombe, na iliyobaki ni kaolini, yaani udongo mweupe, na jiwe la Cornwall. Ikiiva vizuri tanurini inakuwa karibu na kioo, ndiyo maana ukiiinua kwenye taa unaona kivuli cha vidole vyako upande wa pili. Mlio unapita mwili mzima wa kikombe bila kikwazo. Ufa, hata ule ambao jicho halijauona, unaukata njiani. Kabla ya kuamini macho yako, mwanangu, sikiliza kwanza.

Lakini nilichotaka kukwambia ni habari ya vile vilivyokuwa na kasoro ndogo: doa jeusi, waridi lililokaa upande, kijishimo kwenye mng'aro, lile tabaka la kioo juu ya chombo. Hivyo havikuvunjwa. Viliuzwa kwa bei ya chini kama vyombo vya daraja la pili, na kabla havijatoka chapa yake ya chini ilikwaruzwa mstari mmoja wa kukatisha. Mtu yeyote duniani akikigeuza kikombe kile leo, miaka thelathini baadaye, anaona mkwaruzo na anajua kwamba kiwanda chenyewe kilikiri. Ukikutana na mkwaruzo huo juu ya jina kubwa, usiufiche kwa kibandiko cha bei. Nimeona wanaofanya hivyo.

Mimi nami nilificha. Sijawahi kukusimulia.

Ulikuwa mwaka wangu wa pili wa kuuza sokoni Jumamosi, kiwanda kimeshafungwa na kodi ya nyumba imenikaba. Nilikuwa na buli la kahawia, lile la udongo mwekundu wa huku ambalo Waingereza wanaliita Brown Betty, chombo cha kila siku, hakina maringo. Kwenye shina la mkono palikuwa na ufa. Nilipoligonga lilisema "tak", na mimi niliyelipwa kwa kusikia sauti hiyo nilijua maana yake. Nikaligeuza, upande wenye ufa ukatazama ukuta. Akaja bibi mmoja wa makamo, akalipenda, akalipa paundi nane, nikamfungia kwa gazeti.

Jumamosi iliyofuata alirudi. Vipande alivileta ndani ya gazeti lilelile. Mkono ulikuwa umeng'oka akimimina chai, buli limejaa, na kaka yake amekaa mbele yake. Maji ya moto yalimwagika juu ya kitambaa cha meza, Alhamdulillahi hayakumpata mtu. Hakupaza sauti wala hakudai pesa. Aliweka gazeti mezani, akalifungua, akaniuliza neno moja: nilijua? Nikasema nilijua. Akaitikia kwa kichwa, akaondoka, na zile paundi nane nilizokuwa nimezishika nimrudishie zikabaki mkononi mwangu. Sikumwona tena pale sokoni.

Usiku ule nilikumbuka habari tuliyosomeshwa chuo cha Kurani tukiwa watoto, Unguja, ya Mtume (S.A.W.) kupita sokoni, akatia mkono ndani ya fungu la chakula, vidole vikatoka na majimaji. Mwenyewe akasema kimenyeshewa na mvua. Akaulizwa: basi mbona hukukiweka juu watu wakakiona? Kila mmoja wetu aliikariri habari hiyo na kuchapwa akiikosea. Mimi niliielewa siku ile ya gazeti.

Sheria ya nchi hii nayo, kwa taarifa yako, inamtaka anayeuza kibiashara atoe kitu kinachofanana na maelezo yake. Iko hivyo kwenye Sheria ya Haki za Walaji ya mwaka 2015. Hilo ni la kukulinda na kesi. Mimi nazungumzia chai ya moto mkononi mwa mtu aliyekuamini.

Wazee wetu wamesema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa kauri usemi huo hausaidii sana, kwa sababu ufa wa kauri hauzibiki. Unaweza kuufunika tu, na wapo mafundi wa kufunika. Niliwahi kununua mnadani jagi la maziwa la rangi ya samawati, zuri mno, kumbe mdomo wote ulikuwa umeundwa upya kwa gundi na rangi. Muuzaji hakusema. Tangu hapo ninagusisha ukingo wa chombo kwenye meno ya mbele. Usicheke, ni kipimo cha wauzaji wakongwe. Mng'aro wa tanurini ni wa baridi na mgumu kama kioo, rangi ya kupakwa ina ulaini na uvuguvugu kidogo. Tochi ya mwanga wa urujuanimno, ile ndogo ya kukagulia noti, nayo inasaidia: rangi mpya mara nyingi inang'aa tofauti na kauri iliyoizunguka. Na tafadhali usiloweke chombo chenye ufa kwenye jiki ili mstari wa kahawia ufifie. Jiki inaingia chini ya mng'aro, inakaa humo, na baadaye mng'aro unaanza kubanduka. Utakuwa umeharibu kitu ambacho kilikuwa na ufa tu.

Kabatini kwangu, rafu ya juu, kuna sahani ya bluu yenye mti ulioinamisha matawi na ndege wawili, mchoro ambao Waingereza wanauita Willow. Uliwahi kuniuliza kwa nini siiuzi. Igeuze ukija. Nyuma ina pini tatu za chuma, kama stepula kubwa. Kabla ya gundi kali za karne iliyopita, sahani ikivunjika ilipelekwa kwa fundi wa kushona kauri. Alitoboa vijitundu kila upande wa ufa kwa keekee yenye ncha ya almasi, bila kutokeza upande wa mbele, kisha akabana pini ya chuma kuvuka ufa, imevutwa kiasi kwamba vipande viwili vinang'ang'aniana vyenyewe. Fundi mzuri alikurudishia chombo kinachoshika maji. Mtu alilipia kazi hiyo kwa sababu sahani ilikuwa na maana kwake, na hakuona haya pini zionekane. Nilikuwa na nne za namna hiyo. Tatu niliziuza, na kila moja picha ya kwanza niliyoweka ilikuwa ya mgongo wake, pini zote wazi. Zilikwenda kabla ya sahani nzima nilizoziweka wiki zilezile. Wapo watu wanaozitafuta hasa kwa sababu ya kushonwa.

Nyumba ya bibi yako kule Mji Mkongwe ilikuwa na zidaka ukutani, na ndani ya zidaka sahani za kutoka Ulaya, zilizofika kwa meli kabla yeye hajazaliwa. Moja ilikuwa imemeguka ukingo. Aliisimamisha na pengo lake likiwa juu, anayeingia alione. Nilipokuwa mdogo nilidhani hajui kupanga vyombo.

Basi, buli lako. Fanya hivi usiku wa leo. Likaushe vizuri, lijaze maji ya vuguvugu, si ya moto, uliweke juu ya gazeti kavu mpaka asubuhi. Gazeti likilowa, ufa umepenya, na buli hilo ni la maua au la kabatini tu. Gazeti likibaki kavu, bado usimwambie mtu kwamba ni zima, maana buli baridi likipokea maji yanayochemka ghafla ufa unakimbia. Kisha pima ufa kwa rula. Washa taa ndani ya buli, upige picha mstari ukionekana, na picha hiyo iwe ya kwanza, kabla ya ile nzuri yenye mawaridi.

Maneno ya tangazo yawe mafupi, Kiingereza chake utakipanga mwenyewe: Buli la Royal Albert, mchoro Old Country Roses, mwaka 1962 kwenye chapa ni wa mchoro. Lina ufa wa sentimita kadhaa chini ya mkono, tazama picha ya kwanza. Lilikaa na maji usiku mzima halikuvuja, au lilivuja. Halifai chai ya moto. Dhahabu imefifia kidogo kwenye kifuniko. Bei weka nusu ya uliyokuwa umekusudia, na mtu akikuomba upunguze tena, mpunguzie.

Atakayelinunua atakuwa amelitaka lilivyo. Nina wateja wa miaka kumi na tano ambao hawaniulizi swali hata moja. Wananitumia ujumbe tu: mama, una nini wiki hii? Hao sikuwapata kwa vyombo vizima.

Ukilifunga, jaza karatasi ndani ya tumbo la buli na katika uwazi wa mkono mpaka mkono usitikisike, kwa sababu ndipo ufa ulipo. Usibandike selotepu juu ya dhahabu, itatoka nayo. Tia boksi ndani ya boksi. Na kifuniko kifunge peke yake, usikiache juu ya buli.

Wabusu watoto. Ukija siku ya Idi uje na ile tochi yangu, iko kwako tangu Rajabu.

Mama yako