Kabla ya Kukata Bati, Jua Stima Yako Itazama Kiasi Gani

Wengi wa wanafunzi ninaowafundisha fizikia hapa Dodoma hawajawahi kuona meli, na hiyo ndiyo sababu iliyonifanya niunde mfano wa stima ya magurudumu, yaani ile ya zamani iliyopiga maji kwa makafi ya ubavuni badala ya rafadha (pangaboi la majini) ya nyuma. Nilichagua Ma Robert, stima ya David Livingstone iliyoundwa Birkenhead, Uingereza, mwaka 1858, ikaletwa Zambezi vipande vipande na kuunganishwa huko. Jina hilo ndilo Waafrika walilomwita mkewe Mary, kwa desturi ile ile inayotufanya sisi tumwite jirani Mama Robert kwa sababu mwanawe wa kwanza ni Robert.

Ushauri wangu mkubwa kwa yeyote anayetaka kuanza kazi hii ni kwamba aanze na uzito, wala si umbo. Nilianza na umbo, na nikalipa kwa miezi miwili ya kazi.

Ma Robert ilikuwa na urefu wa futi 75 na upana wa futi 8, na kwa kipimo cha 1 kwa 25 nilipata chombo cha sentimita 91 kwa sentimita 9.75. Nilipanga kizame sentimita 2.4. Ukizidisha tarakimu hizo tatu, kisha ukachukua robo tatu ya jibu kwa kuwa omo na tezi, yaani mbele na nyuma ya chombo, zimechongoka, unapata takriban sentimita za ujazo 1,600, na kwa kuwa kila sentimita ya ujazo ya maji ina uzito wa gramu moja, chombo kizima pamoja na mota, betri na dohani hakina ruhusa ya kuzidi kilo 1.6. Hesabu hiyo haichukui hata dakika kumi, lakini mimi niliifanya baada ya chombo kukamilika.

Fundi bati wa Majengo alinikatia bati, nikalichomea kwa lehemu juu ya mataruma ya plaiwudi (hapa kwetu ukitaja mataruma watu hufikiria reli, lakini mbavu za chombo nazo huitwa hivyo hivyo). Kisha nikaweka betri ya asidi ya volti 6, kubwa na nzito, nikiamini kwamba nguvu nyingi haiwezi kudhuru. Tulipokishusha kwenye beseni kubwa la kufulia, fundi aliinama, akatazama ubavu wa chombo kwa muda, akasema taratibu, “Mwalimu, hiki kitakunywa maji.” Nilipokipima kilikuwa na kilo 2.05. Kwa chombo cha ukubwa huo kila gramu 75 hivi hukizamisha milimita moja zaidi, kwa hiyo kilikuwa kimeshuka milimita 6 chini ya mstari wangu.

Milimita 6 zinaonekana ndogo mpaka utazame gurudumu. Magurudumu yangu yana kipenyo cha sentimita 12, na kila moja lina makafi manane yenye kimo cha sentimita 1.5. Kafi hufanya kazi nzuri linapopita chini kabisa likiwa wima, ukingo wake wa juu ukiwa umefunikwa na maji kidogo tu. Gurudumu likizama zaidi ya hapo, kafi huingia majini likiwa limelala, likayapiga maji kuelekea chini badala ya kuyasukuma nyuma, na linapotoka huyainua na kuyamwaga, hivyo mota hupata moto huku chombo kikijikokota. Niliona jambo hilo waziwazi kwenye beseni: maji yaliruka mpaka sitahani, na chombo kilisogea kwa mwendo wa kobe.

Livingstone mwenyewe aliteswa na hesabu za namna hii. Bamba za feleji za Ma Robert zilikuwa nyembamba mno, takriban milimita 1.6, zikatoboka kwa kutu, na Desemba 1860 ikaishia kwenye fungu la mchanga. Iliyofuata, Pioneer, iliingia mto Ruvuma Machi 1861, lakini ilizama takriban mita 1.5, kina kilichokuwa kikubwa mno kwa mto uliokuwa ukipungua maji, ikabidi igeuze.

Niliondoa betri ya asidi nikaweka seli za litiamu zilizotolewa kwenye kompyuta mpakato, nikazilaza ngamani kabisa, yaani chini ndani ya chombo, ili zifanye kazi ya farumi, uzito unaokituliza chombo. Hilo la kuziweka chini, katikati, nalisisitiza sana, kwa sababu stima ya magurudumu ikiinama upande mmoja, gurudumu la upande huo huzama na la pili huelea hewani, na chombo hupinda njia hata usukani (ubao wa nyuma unaokiongoza chombo majini) ukiwa umenyooka. Usukani wenyewe uufanye mkubwa kuliko ulivyo kwenye picha, kwani magurudumu ya ubavuni hayaupelekei mkondo wa maji kama rafadha inavyofanya.

Kuhusu mwendo, kanuni ya William Froude, mhandisi Mwingereza wa meli, itakutosha: kwa kipimo cha 1 kwa 25, gawa mwendo wa meli halisi kwa 5, na mizunguko ya gurudumu izidishe kwa 5. Gurudumu la mizunguko 30 kwa dakika litahitaji 150 kwenye mfano, na mota ndogo ya volti 6 yenye gia za plastiki huifikia bila shida. Boila la mvuke halisi sikushauri ulijaribu bila mtu anayejua kulipima shinikizo.

Matundu ya beringi za ekseli usiyatoboe duara. Yatoboe marefu kwenda juu, ili uweze kupandisha au kushusha magurudumu kwa milimita mbili tatu baada ya chombo kuelea. Nilirekebisha ya kwangu kando ya bwawa la Hombolo, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla upepo haujaamka, kwa bisibisi moja na rula ya mwanafunzi. Nenda mapema kama nilivyofanya, kwa sababu ikifika saa nne upepo wa huko huinua viwimbi vinavyovuka sitaha yenye sentimita 1.3 tu juu ya maji, na jua hulainisha gundi ya epoksi kwenye chombo kilichopakwa rangi nyeusi.