Mfungaji wa mwaka jana usimkimbilie: maswali yenu ya hoki na fantasi

Kila msimu wa NHL, ligi kuu ya hoki ya barafuni ya Amerika Kaskazini, ukikaribia barua zinajaa, na nyingi ni za fantasi, ule mchezo wa kuchagua wachezaji halisi na kupata alama kwa wanachofanya uwanjani, yani watu wanataka kushinda ligi zao kuliko hata kujua nani atabeba Stanley Cup, kombe la ubingwa. Haya, twende.

SWALI: Habari mwandishi. Ndo mara ya kwanza naingia ligi ya fantasi ya hoki, tupo watu wa ofisi moja na drafti, pale tunapochagua wachezaji kwa zamu, ni wiki ijayo. Nimechukua orodha ya wafungaji wa msimu uliopita, mwenye magoli mengi juu, nitashuka nayo hivyo hivyo. Ipo sawa? – *Mgeni wa Barafu*

JIBU: Orodha itunze lakini usishuke nayo kama ngazi. Goli la hoki lina bahati nyingi sana ndani yake, paki, kile kidude kinachopigwa, inagonga skeiti ya beki inazama, ingine inagonga mwamba inarudi, na mtu akibahatika hivyo msimu mzima mnamwona jini. Mfano wangu wa siku zote ni William Karlsson. Msimu wa 2016–17 akiwa Columbus alifunga magoli 6, ndio sita, timu mpya ya Vegas ikamchukua na msimu uliofuata akafunga 43! Sasa ungeangalia mashuti yake ungekuta karibu robo yake yote yaliingia, wakati wafungaji wazuri wengi wanacheza kwenye asilimia 12 mpaka 15 hivi. Ilikuwa lazima ishuke tu. Msimu wa 2018–19 alicheza mechi zote 82, hakuumia, hakusahau hoki, akaishia magoli 24. Aliyemchukua mapema kwenye drafti akitegemea 43 zingine alilipa bei ya bahati ambayo ilishatumika.

We angalia mtu anapiga mashuti mangapi, anakaa barafuni dakika ngapi, na kama yumo kwenye kikosi cha kwanza cha pawaplei, yani wale watano wanaoingia mpinzani akiwa pungufu. Hayo hayayumbi kama magoli yanavyoyumba. Mtu wa mashuti matatu manne kila mechi akikauka wiki mbili usimtupe, na mwenzako akimtupa mdake usiku huo huo.

Alafu kabla ya yote soma sheria za ligi yenu, maana kuna watu wanaingia drafti hata hawajui kinachohesabiwa. Brady Tkachuk wa Ottawa kwenye ligi inayohesabu mashuti na vikumbo ni dhahabu, kwenye ligi ya magoli na asisti peke yake anashuka sana, na ni mtu yule yule.

SWALI: Nimepata chaguo la kwanza. McDavid au Kucherov? Jibu fupi tafadhali, mke wangu ndo ana chaguo la pili. – *Baba Drafti*

JIBU: McDavid. Najua Kucherov aliongoza ligi kwa pointi, yani magoli na asisti pamoja, 2023–24 (144) na tena 2024–25 (121), sibishi. Ila aliyewahi kupata pointi 153 kwenye msimu mmoja, ilikuwa 2022–23, mi simwachii mtu. Hata shemeji.

SWALI: Kaka, makipa wananitesa. Nikichukua kipa mapema nakosa washambuliaji, nikichelewa nabaki na wale wanaofungwa matano. Ufanyeje? – *Nyavu Wazi*

JIBU: Pole, hapo unateseka na wengi. Mi nachukua kipa mmoja wa uhakika, sio raundi ya kwanza lakini sio ya kumi pia, na uhakika kwangu maana yake ni kazi, kwamba huyu mtu atasimama golini mechi nyingi na timu iliyo mbele yake inajua kukaba. Connor Hellebuyck wa Winnipeg msimu wa 2024–25 alishinda mechi 47, akabeba Vezina (tuzo ya kipa bora) na Hart (ya mchezaji bora wa ligi) pamoja. Kipa mwenye kipaji kuliko yeye lakini anagawana golini nusu kwa nusu na mwenzake hawezi kukupa hicho kitu, hesabu yenyewe inakataa.

Wa pili mtafute msimu ukiwa unaendelea. Januari 2019 St. Louis walikuwa mkiani mwa ligi nzima, wakampa nafasi kipa ambaye watu wengi hawakuwa wanamjua, Jordan Binnington, mechi yake ya kwanza kuanza akatoka na klinshiti, akamaliza msimu ameshinda 24 amepoteza 5 kwenye muda wa kawaida, na Juni wakabeba kombe. Nani alimchukua kwenye drafti? Hakuna mtu. Waliompata ni wale ambao mwezi wa kwanza walikuwa bado wanasoma habari za makipa. Ingine, timu ikicheza usiku mbili mfululizo mara nyingi moja anapewa kipa namba mbili, kwahiyo hakikisha nani anaanza kabla hujamweka.

SWALI: Nafungwa kila wiki na jamaa mwenye kikosi cha ovyo kabisa. Majina yake hata huyajui. Anafanya nini huyu? – *Nina Mastaa Bana*

JIBU: Anasoma ratiba, ndo hicho tu. NHL mechi zinarundikana Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, siku hizo mastaa wako wote wanacheza kwa pamoja, nafasi zinajaa na wengine unawaacha benchi wakifunga. Yeye anatafuta watu ambao timu zao zinacheza Jumatatu, Jumatano, Ijumaa, Jumapili, na timu yenye mechi nne wiki hiyo anaipenda kuliko yenye mbili. Mshambuliaji wa kawaida wa mechi nne kwa mashuti na vikumbo anampita staa wa mechi mbili. Usiuze mastaa, ila zile nafasi mbili za mwisho za kikosi zifanye za kuzungusha kila wiki.

SWALI: Tuache fantasi kidogo. Hivi hiyo pointi ya aliyefungwa dakika za nyongeza wewe unaikubali? – *Mzee wa Msimamo*

JIBU: Siikubali na sijawahi kuikubali! Fikiria, mechi ikiisha ndani ya dakika 60 zinatolewa pointi mbili, mshindi anachukua zote. Ikienda nyongeza zinatolewa tatu, mbili za mshindi na moja ya aliyefungwa. Pointi ya tatu imetoka wapi? Matokeo yake dakika kumi za mwisho timu mbili zikiwa sare hakuna anayejitoa, kila mtu anajua nyumbani anarudi na kitu, na msimamo unajaa timu zinazoonekana zimekaribiana wakati moja imepoteza mechi nyingi kuliko ilizoshinda. Mashindano ya dunia ya kimataifa yana dawa siku nyingi, ushindi wa muda wa kawaida tatu, wa nyongeza mbili, aliyefungwa nyongeza moja, kila mechi ina pointi tatu zile zile. NHL hawataki, nahisi kwasababu msimamo wa kubanana unauza tiketi mpaka Aprili. Nyongeza yenyewe ya watatu kwa watatu, waliyoanza 2015–16, hiyo naipenda sana, barafu iko wazi watu wanakimbizana ovyo. Mikwaju ya baada yake ndo ningeifuta kesho asubuhi, mechi ya timu nzima inaamuliwa na mtu mmoja mmoja kama shoo.

SWALI: Mimi ni Toronto damu, lakini kipa wangu wa fantasi ni wa Boston. Wanakutana Jumamosi na wiki yangu ya fantasi iko pabaya. Nimweke au nimtoe? – *Moyo Mbili*

JIBU: We ni Toronto, kombe la mwisho 1967, mechi ya saba, ile ya kuamua raundi ya mtoano, mbele ya Boston mmepoteza 2013, 2018, 2019 na 2024, alafu bado unaniuliza kama umweke kipa wa Boston? Mweke! Toronto wakishinda utafurahi mpaka usahau fantasi, wakifungwa umepata ushindi kwenye ligi yako. Ila usiwaambie mashabiki wenzako. Na kwenye mtoano, kama ligi yenu inaendelea hadi huko, hapo mtoe hata kama utashika mkia.