Mkwe wangu na malkia aliyeachwa wazi

Mwanangu,

Umeniuliza mtu wa miaka 41 aanzie wapi kujifunza sataranji, maana mkwe wangu sasa anataka umfundishe. Ondoa kete zote, bakisha wafalme na askari. Yeye ni mtu wa drafti kama mimi, kwa hiyo askari anayetembea mbele halafu anakula kimshazari atamsumbua siku tatu nzima. Kisha lete ngome. Farasi awe wa mwisho. Lakini haya unayajua, ni wewe uliyenifundisha.

Mimi nasema hivi: mtu mzima mfundishe mlango ukiwa umefungwa.

Unaikumbuka ile Jumapili hapa Kondele? Ulikuwa kidato cha kwanza. Mimi na vifuniko vyangu vya soda vya kuchezea drafti nilikuwa najulikana mpaka soko la Kibuye. Baba yako mdogo alikuwepo, yule fundi baiskeli pia, na wapangaji wawili. Ukaniachia malkia wazi. Mwanangu, kwenye drafti kula ni lazima! Mkono ulienda wenyewe. Hatua mbili tu, askofu wako na farasi wawili wakamfunga mfalme wangu katikati ya watu wake, na malkia wako bado nimemshika kiganjani. Ukacheka. Baba yako mdogo akacheka mpaka akamwaga chai.

Baadaye nilisoma kwamba mtego ule una jina la Mfaransa wa karne ya 18, Légal. Haikunipunguzia kitu.

Labda si kicheko kilichoniuma. Mtoto wa miaka 14 atakosaje kucheka? Tena bila siku ile nisingekesha na ubao mwezi mzima, mama yako akilalamikia bili ya stima. Kwa hiyo pengine aibu nayo inafundisha. Hapana, hilo nalirudisha. Mlango ufungwe.

Kama utamfundisha wewe mwenyewe au umtafutie mtu baki, hayo ni ya nyumba yenu, mimi mkwe siingii. Ningeruhusiwa ningesema. Haya, sisemi. Ila usimwachie malkia wazi mbele ya mashemeji zako.

Ule mkebe wa mafuta ya Kimbo wenye kete nitautuma na basi la Ijumaa. Farasi mmoja mweusi alipotea, nimeweka kifuniko cha Fanta. Hicho angalau atakitambua.

Baba yako